Kompyuta ya mezani inachelewa kulala: jua kwanza inachelewa wapi, kabla hujapiga Windows upya

Unabonyeza Sleep, kioo kinakuwa cheusi, ila CPU pale chini ya meza bado inaunguruma, feni inazunguka, ile taa ndogo ya diski inawakawaka tu, inapita nusu dakika, dakika nzima, wengine hadi dakika mbili ndo inatulia. Hapo watu wengi wanafanya moja kati ya mawili, ama wanachomoa waya ukutani ama wanabeba mashine kwa fundi akapige Windows upya. Kuchomoa waya wakati taa ya diski inawakawaka ni kuikatiza diski ikiwa katikati ya kuandika, usifanye hivyo kabisa. Na kupiga Windows upya mara nyingi tatizo linarudi vilevile, maana setingi inayochelewesha inakuja imeshawashwa ndani ya Windows yenyewe kwenye kompyuta za mezani.

Nitaongelea Windows 10 na 11 kwa sababu ndo ziko kwenye mashine nyingi huku kwetu, hasa hizi desktop za ofisi zilizotumika nje zinazouzwa Kariakoo au pale Luthuli Avenue Nairobi, na nyingi zinakuja na hadi diski (HDD) ya zamani ya kuzunguka, kumbuka hilo maana tutarudi kwake sana.

Kwanza elewa mashine inapitia nini ikienda kulala

Ukibonyeza Sleep, Windows inaziambia programu zote zilizofunguka kwamba tunalala. Tangu Windows Vista programu hazina uwezo wa kukataa, zinapewa kama sekunde 2 hivi zimalize zilichonacho basi. Halafu inafuata zamu ya draiva, yaani zile programu ndogo zinazoendesha vifaa, kila kifaa kilichochomekwa, kadi ya mtandao, kadi ya video, sauti, USB zote, kila draiva inaambiwa ikishushe kifaa chake na Windows inasubiri jibu. Zikimaliza, na kama hybrid sleep imewashwa (ndo ile setingi niliyosema inakuja imeshawashwa), Windows inachukua vitu vilivyomo kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika, inaviandika kwenye faili moja kubwa linaloitwa hiberfil.sys, linakaa kwenye diski C. Baada ya hapo ndo umeme unakatwa sehemu zote isipokuwa RAM, feni zinasimama, taa ya pawa inaanza kuwaka na kuzima taratibu au inabadilika rangi, inategemea mashine.

Kwahiyo ukiangalia vizuri utaona kuchelewa baada ya kubonyeza Sleep kunatoka sehemu mbili tu kubwa, draiva au uandishi wa diski. Kufunga Chrome na kufuta programu kwenye startup kwa lengo la kuharakisha kulala ni kuhangaika pembeni, ingawa Chrome yenye tabu hamsini inaongeza mzigo wa RAM wa kuandikwa, hilo ni kweli.

Kuna tatizo lingine linafanana na hili ila sio hili, nalo ni kompyuta isiyolala yenyewe. Umeiweka ilale baada ya dakika 15 ukiiacha, unarudi baada ya saa unaikuta macho. Hiyo ndo kesi ya programu, nimeiwekea sehemu yake huko chini. Usichanganye hizi mbili, dawa zake tofauti kabisa.

Hatua ya 1: Uliza mashine inaweza kulala kwa namna gani

Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kliki kulia kwenye Command Prompt uchague "Run as administrator". Andika:

powercfg /a

Italeta orodha mbili, namna za kulala zinazowezekana na zisizowezekana pamoja na sababu. Unatafuta maneno matatu. "Standby (S3)" ndo usingizi wa kawaida wa desktop. "Hibernate" ni ile ya kuandika kila kitu kwenye diski na kuzima kabisa. "Hybrid Sleep" ni hizo mbili kwa pamoja.

Ukiona S3 haipo kwenye zinazowezekana na badala yake kuna "Standby (S1)", basi hapo sio kwamba inachelewa, S1 ni usingizi mwepesi ambao feni zinaendelea kuzunguka muda wote. Ingia BIOS, ile menyu ya mashine yenyewe inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, tafuta sehemu ya Power au ACPI, kuna mashine zina setingi ya kuchagua S1 au S3, weka S3.

Na kama hakuna hata aina moja ya standby inayowezekana, fungua Device Manager uangalie Display adapters. Ukikuta imeandikwa "Microsoft Basic Display Adapter" umeshapata jibu, draiva ya video haijawekwa, na hii inatokea sana kwa mashine zilizotoka kupigwa Windows haraka haraka. Weka draiva sahihi ya hiyo kadi halafu rudia powercfg /a.

Hatua ya 2: Soma mashine yenyewe imeandika nini

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo inayomaliza ubishi wote. Kila kompyuta inapoamka kutoka usingizini, Windows inaandika taarifa fupi ya jinsi ilivyolala, ikiwemo muda uliotumika, kwa milisekunde, yaani 1000 ni sekunde moja.

Ilaze mashine kama kawaida, subiri itulie kabisa, iamshe. Halafu bonyeza Windows + R, andika eventvwr.msc, ingia Windows Logs kisha System. Upande wa kulia bonyeza "Filter Current Log", kwenye Event sources tiki "Power-Troubleshooter". Fungua tukio la juu kabisa, namba yake ni 1, nenda kwenye tabu ya Details. Utaona mistari mingi, wewe shika hii mitatu:

SleepDuration, muda wa kuvishusha vifaa na draiva zake.
HiberWriteDuration, muda wa kuandika RAM kwenye diski.
HiberPagesWritten, kurasa ngapi zimeandikwa, kila ukurasa ni baiti 4096.

Tuseme umekuta SleepDuration ni 1200, HiberWriteDuration ni 41000 na HiberPagesWritten ni 500000. Maana yake draiva zimemaliza ndani ya sekunde moja na kidogo, hazina kosa lolote. Ila diski imetumia sekunde 41 kuandika kurasa laki tano, ambazo ni kama GB 2. Gawanya hapo unapata kama MB 50 kwa sekunde, hiyo ni hadi diski ya zamani inayofanya kazi kwa shida. Hapo hata ungebadilisha draiva zote usiku kucha usingeokoa hata sekunde tano.

Ukikuta kinyume chake, SleepDuration ni 30000 na HiberWriteDuration ni 0 au ndogo sana, basi diski iache, twende kwenye draiva.

Zisome mara kadhaa siku tofauti, asubuhi programu zikiwa chache na jioni ukiwa umefungua vitu vingi. Kama namba ya kuandika inapanda jioni tu, ni wingi wa vitu kwenye RAM. Kama iko juu muda wote hata ukiwa umefungua Word peke yake, anza kuishuku diski.

Hatua ya 3: Kama ni uandishi wa diski

Hapa naomba usome taratibu kwa sababu ushauri unaozunguka kila mahali ni "zima hybrid sleep tu" na kwa mazingira yetu ushauri huo una gharama ambayo watu hawaambiwi.

Hybrid sleep imewekwa kwa ajili ya desktop kwa sababu desktop haina betri. Ukiilaza kwa usingizi wa kawaida kazi yako yote iko kwenye RAM, umeme ukikatika hata sekunde mbili, au uniti za LUKU zikiisha usiku, kila ambacho hukusevu kimeenda. Hybrid sleep inaweka nakala kwenye diski kabla ya kulala, umeme ukirudi unawasha mashine inakusomea ile nakala unaendelea ulipoachia. Zile sekunde 40 za kusubiri ndo bima yenyewe. Kwa mtu mwenye steshenari ambaye ana barua za wateja sita wazi na mtaa wake unakatika umeme mara kwa mara, mi siwezi kumwambia aizime.

Kwahiyo amua hivi. Kama una UPS (lile boksi la betri la kushikilia umeme) nzuri inayoshikilia, au una kawaida ya kusevu kila kitu kabla hujanyanyuka, zima. Fungua Control Panel, Power Options, "Change plan settings", halafu "Change advanced power settings", panua Sleep, panua "Allow hybrid sleep", weka Off. Au kwa cmd ya adimini:

powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_sleep hybridsleep 0
powercfg /setactive scheme_current

Ukitaka kuirudisha weka 1 badala ya 0. Ilaze tena, kama tatizo lilikuwa diski utaona inalala ndani ya sekunde chache tu.

Angalia usichanganye na amri ya powercfg /h off ambayo inasambaa sana. Hiyo inazima hibernate yote, inafuta hiberfil.sys, inaondoa hybrid sleep na pia inaondoa Fast Startup, ile ya kuwaka haraka, kwahiyo unaweza ukapata kulala haraka halafu ukaanza kulalamika kuwaka imekuwa taratibu. Kama ulishaiandika, powercfg /h on inarudisha.

Kama huna UPS na umeme wako ni wa mashaka, acha hybrid sleep iwe On na ushughulike na diski. Fungua Task Manager, tabu ya Performance, bonyeza Disk 0, inakuandikia kama ni HDD, ile ya kuzunguka, au SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka. Kama ni HDD, kuhamisha Windows kwenye SSD ndo dawa ya kweli, SSD ya kawaida ya SATA inafika karibu MB 500 kwa sekunde, ile kazi ya sekunde 41 inakuwa ya sekunde chache na bima yako umebaki nayo. Pia kompyuta nzima inabadilika, kuwaka, kufungua programu, kila kitu. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu kwenye desktop ya zamani, nunua SSD, hiyo nasema bila kusita. Kumbuka hiberfil.sys lazima ikae kwenye diski ya Windows, kwahiyo kuongeza SSD ya pili huku Windows imebaki kwenye HDD haisaidii lolote kwenye kulala.

Ila kabla hata ya kununua, pima afya ya diski uliyonayo. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inasoma ripoti ya diski yenyewe. Ukiona neno Caution la njano, na kwenye mistari ya "Reallocated Sectors Count" au "Current Pending Sector" kuna namba zaidi ya sifuri, simama hapo hapo, kopi picha, mahesabu na kazi zako kwenye diski nyingine leo, sio kesho. Kompyuta kuchelewa kulala inaweza kuwa dalili ya mapema ya diski inayokufa, kwa sababu kuandika GB mbili kwa mkupuo ni kazi nzito kwa diski. Usianze na chkdsk /r, ile amri ya kukagua na kurekebisha diski, kwenye diski ya namna hiyo, inaikamua masaa mengi na inaweza kuimalizia, toa data zako kwanza.

Hatua ya 4: Kama ni draiva

Njia rahisi kuliko zote, zima mashine, chomoa kila kitu kwenye USB bakiza kibodi na mausi tu. Printa, skana, diski ya nje, flashi, kidongo cha wayfai, modemu, hab ya USB, kebo ya simu, vyote toa. Washa, ilaze, soma tena SleepDuration. Kama imeshuka, rudisha kimoja kimoja, ukirudisha kimoja unailaza, mpaka umkamate mwenyewe. Wanaosumbua mara nyingi ni diski za nje zinazojizima zenyewe zikikaa bila kazi, Windows inabidi iiamshe kwanza ndo iilaze, unasikia kabisa inaanza kuzunguka wakati kioo kimeshazima. Printa na skana za zamani zilizowekewa draiva ya Windows ya miaka ya nyuma nazo zimo.

Kama haijabadilika kitu, mkosaji yuko ndani. Anza na kadi ya mtandao na kadi ya video. Kwenye Device Manager kliki kulia kwenye kadi ya mtandao, "Disable device", ilaze ujaribu, halafu irudishe. Kadi ya video usiizime hivyo, hiyo wewe iwekee draiva mpya. Draiva chukua kwenye tovuti ya waliotengeneza mashine yako, ukiweka namba ya mashine (serial number) iliyobandikwa nyuma au ubavuni mwa CPU wanakuletea za mashine yako hasa. Zile programu zinazojinadi kwamba zitakuapdetia draiva zote kwa bonyezo moja ziache, zinabandika draiva za kubahatisha na unaweza ukatoka na matatizo matatu badala ya moja. Na kama tatizo limeanza mara baada ya apdeti, fungua hiyo kadi kwenye Device Manager, tabu ya Driver, bonyeza "Roll Back Driver" uirudishe ya nyuma.

Dalili ya draiva mbovu sana ni hii, unailaza mashine inakaa na kioo cheusi dakika kadhaa halafu inatoa kioo cha bluu chenye DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, namba 0x9F. Hapo Windows imesubiri jibu la draiva mpaka imechoka. Ukiiona hiyo achana na mambo ya diski na hybrid, tafuta draiva tu.

BIOS nayo inaweza kuapdetiwa na kuna mashine zinapona kwa hilo, ila iwe hatua ya mwisho na uifanye ukiwa na UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kuapdeti BIOS ubao mzima unaweza usiwake tena.

Kama shida ni kwamba hailali yenyewe

Hapa ndo programu zinahusika. Fungua cmd ya adimini wakati ule ambao unategemea mashine iwe imelala, andika:

powercfg /requests

Inakuja na vichwa kama DISPLAY, SYSTEM, AWAYMODE, EXECUTION na kila kimoja chini yake kama hakuna anayezuia imeandikwa None. Kama yupo unamuona kwa jina. Ukiona draiva ya sauti na maneno "An audio stream is currently in use" maana yake kuna kitu kinacheza sauti au kimeshikilia sauti, tafuta tabu ya video au redio uliyoisahau wazi, au programu ya mikutano. Ukiona kitu chini ya AWAYMODE hiyo ni hali ambayo kioo kinazima na mashine inajifanya imelala huku inafanya kazi, ingia tena kwenye zile advanced power settings, Multimedia settings, "When sharing media", uweke "Allow the computer to sleep".

Ukishamjua na hutaki kumfuta, unaweza kuiambia Windows impuuze. Mfano kama ni chrome.exe:

powercfg /requestsoverride PROCESS chrome.exe SYSTEM

Ila ujue ukiwa unadownload kitu kikubwa nacho hakitazuia mashine kulala, itakatiza.

Kama requests zote ni None na bado hailali, geuza mausi chali uiache hivyo mpaka muda wa kulala ufike. Mausi ya taa ikikaa kwenye kioo cha meza au kwenye meza inayotikisika inatuma miondoko midogo muda wote na Windows inahesabu kwamba upo. Na kama inalala halafu inaamka baada ya sekunde kadhaa, hilo nalo wengi wanaliita kuchelewa kulala, andika powercfg /lastwake ujue nani kaiamsha. Mara nyingi ni kadi ya mtandao, ingia Device Manager kwenye tabu yake ya Power Management utoe tiki kwenye "Allow this device to wake the computer".

Ukishamaliza, ijaribu kwa umeme kweli

Hii ni kwa walioamua kubaki na hybrid sleep. Sevu kila kitu, funga mafaili yote ya maana, acha Notepad moja wazi yenye maneno mawili matatu ambayo hayajaseviwa. Ilaze. Subiri mpaka feni zisimame kabisa na taa ya diski itulie, usiwe na haraka hapo. Halafu zima swichi ya ukutani, kaa kama dakika moja, washa swichi, bonyeza pawa. Ikiwaka na ile Notepad ikarudi na maneno yake, nakala inafanya kazi. Ikiwaka kama mashine iliyozimwa ghafla na Notepad haipo, rudi kwenye powercfg /a uangalie kama Hybrid Sleep kweli iko kwenye orodha ya juu, na uangalie nafasi kwenye diski C, maana hiberfil.sys inahitaji GB kadhaa, kwenye Windows 10 kwa kawaida inachukua kama asilimia 40 ya ukubwa wa RAM yako, na ikibidi andika powercfg /h off kisha powercfg /h on ili faili litengenezwe upya, urudie jaribio.